Waliobadilisha kioo cha laptopu kwenda Full HD, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Wadau, nina ThinkPad T440p yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768, na kila nikifungua jedwali pana la hesabu nalazimika kulisogeza kulia na kushoto kutafuta jumla. Naambiwa cha Full HD, yaani 1920 kwa 1080, kinaingia bila kubadilisha waya. Waliopitia njia hii watueleze yaliyowakuta.

Mzee wa Pini: Kinaingia, kwa kuwa vyote viwili hutumia kiunganishi cha pini 30. Tafuta cha aina ya IPS, ili hata aliyekaa pembeni yako aone rangi zilezile unazoziona wewe.

Binti Ngamiani: Mada hii imenitonesha kidonda. Mimi nilipeleka ThinkPad T480 kwa fundi mmoja wa Kariakoo, juma lilelile la kutetea tasnifu. Akachomoa betri ya nje, akasema, "Dada, humu hamna umeme tena," ilhali mashine hiyo ina betri nyingine ndani. Alipochomeka kioo kipya hapakuwa na cheche wala harufu, ila tulipowasha, feni ilizunguka na kioo kikabaki cheusi tii. Akarudisha cha zamani, nacho kikawa cheusi. Jasho lilinitoka, maana sura ya mwisho ilikuwa humohumo. Kijana wa duka la jirani akamulika kioo kwa tochi ya simu akiwa ameilaza ubavu, na hapo tukayaona maandishi kwa mbali: picha ilikuwepo, mwanga wa nyuma ndio uliokufa. Akaipima kwa mita fyuzi iliyo karibu na kiunganishi, ndogo kuliko punje ya mchele, akaikuta imeungua kwa umeme wa ile betri ya ndani, akaibadilisha, mwanga ukarudi. Yule wa kwanza bado alidai hela ya ufundi!

Kaka Mkubwa: Pole sana dada, yangu nayo iliungua hivyohivyo.

Fundi Mstaafu: Tusiwalaumu mafundi wote. Katika BIOS ya T480, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, sehemu ya Config, kisha Power, mna kipengele cha kuzima betri ya ndani, na ukishaizima mashine haiwaki mpaka uchomeke chaja. T440p ya mleta mada ina betri moja tu, ya nje.

Binti Ngamiani: Mkuu, sijawalaumu wote. Nauliza tu kama ni kazi ya mteja kumhesabia fundi betri.

Mpenda Makubwa: Mimi kwenye T480 nataka 2560 kwa 1440 moja kwa moja. Nimesikia unachomeka tu.

Mzee wa Pini: Umedanganywa. Hicho kinataka waya wa pini 40, na ule wa Full HD ya kawaida ni wa pini 30.

Miwani: Kwenye inchi 14 herufi za Full HD ni sisimizi. Nunueni monita ya mezani, mstarehe.

Kaka Mkubwa: Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye Windows hadi asilimia 125, ndugu, au ubadilishe hiyo miwani. Dada, tasnifu uliitetea?

Binti Ngamiani: Niliitetea. Kioo changu cha zamani ndicho ambacho fundi hajanirudishia hadi leo.