Sindano ya miezi mitatu imeua kinga ya kizazi changu? Naombeni ushauri

Binti wa Makorora
Assalaam alaykum wapendwa. Nipo Tanga mjini, miaka 29, nina mtoto mmoja. Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ya mwisho Februari. Tangu Mei tunatafuta mtoto, sasa Novemba. Siku zangu zilirudi Septemba, matone matone tu. Mama mkwe anasema sindano imeunguza kizazi. Muuza dawa za asili naye kaniambia homoni zimeua kinga ya kizazi, ndiyo maana mimba haishiki. Anataka elfu 60 anipe dawa ya kuweka ukeni "kusafisha". Usiku silali. Ni kweli?

Nesi Pangani
Wa alaykum salaam mdogo wangu. Kizazi hakijaungua. Hilo la kinga lina ukweli kidogo, ila kalipindisha. Kizazi kina askari wake wa kinga. Kila mwezi yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupanda, ukuta wa kizazi hujiandaa na askari hao huongezeka. Mimba nusu yake ni ya baba, mwili ungeweza kuiona mgeni. Askari hao huipokea, na husaidia mishipa ya damu ya mama kutanuka ili kondo lipate damu. Sindano ina homoni ya jamii hiyohiyo. Ikiwa mwilini, yai halitoki, ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, ukuta huwa mwembamba. Mzunguko wote husimama. Kusimama si kufa! Dawa ikiisha, unaanza tena. Shida ni kwamba sindano huisha polepole: kwa wastani mimba huingia miezi 10 hivi tangu ile ya mwisho, wengine hufika mwaka na nusu. Wewe una miezi 9. Wa vijiti na vidonge hurudi mapema zaidi.

Mama Wawili
Shoga, hiyo ya kuweka ukeni usiiguse. Mimi niliweka, nikapata homa, uchafu wenye harufu na maumivu chini ya kitovu. Daktari akaniambia maambukizi yakipanda juu huweza kuziba mirija. Nililia sana. Sindano yenyewe nilisubiri miezi 13, leo mtoto anatambaa.

Kaka wa Ngamiani
Na shemeji yupo nyumbani?

Binti wa Makorora
Ni mvuvi kaka. Huenda dago, kambi ya uvuvi, wiki mbili, akirudi anakaa siku tatu nne.

Nesi Pangani
Ungeanza na hilo mdogo wangu. Yai huishi kama saa 24, mbegu hadi siku 5, kwa hiyo huenda mnapishana tu. Kwanza pima mkojo wa mimba, maana matone nayo yana mambo yake. Andika tarehe za hedhi, uangalie ute unaovutika kama wa yai bichi. Siku hizo ndizo za kushika mimba. Anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Dawa za kupevusha mayai usinunue dukani bila daktari. Mwaka wa kutafuta ukipita kimya, nendeni hospitali ya Bombo wote wawili, naye apimwe mbegu. Maumivu au damu nyingi, usisubiri.

Binti wa Makorora
Asante dada, Mungu akulipe. Leo baada ya Isha nitamsomea mama mkwe maneno yako yote.