Korea, Botswana na mahindi ya Tunduma: taasisi za kisiasa zinaamua nini hasa?

Mwana_Uyole: Wakuu, tunaambiwa nchi hutajirika au hubaki maskini kwa sababu ya taasisi zake za kisiasa, yaani kanuni za nani anatawala na anadhibitiwaje. Mbona Korea Kusini ilipaa ikiwa chini ya wanajeshi? Na je, si kwamba nchi ikishatajirika ndipo inamudu mahakama nzuri?

Kalamu_Iringa: Hilo la kipi kilitangulia ndicho kiini cha kazi iliyowapa wachumi Acemoglu, Johnson na Robinson Nobel ya uchumi ya 2024. Mwaka 2001 walitumia vifo vya walowezi wa enzi za ukoloni kama kipimo: kulikokuwa na malaria na homa ya manjano wazungu hawakuhamia, wakaweka utawala wa kukamua tu, na nchi zikaurithi baada ya uhuru. Ila usimeze bila kutafuna. Mwaka 2012 mchumi Albouy alikagua takwimu zao akakuta kati ya nchi 64, nchi 36 zimepewa takwimu za vifo zilizoazimwa kutoka nchi nyingine! Mwelekeo naukubali, ukubwa wake nautilia shaka.

Soko_Tunduma: Mkuu, mwaka 1945 viwanda vizito na umeme wa maji vilikuwa Korea Kaskazini, kwa hiyo Kusini haikuanza ikiwa mbele. Kusini, kabla ya wanajeshi kushika nchi, sheria ya ardhi ya 1950 iliweka kikomo cha hekta 3 hivi, na wapangaji wengi wakamiliki mashamba. Kumchagua rais moja kwa moja kulirudi 1987. Kwa hiyo usitazame kura peke yake, tazama pia kama kanuni zinageuzwa katikati ya msimu.

Huku kwetu Tunduma, mpakani na Zambia, mbolea ya DAP inanunuliwa Novemba, mahindi yanauzwa kuanzia Juni. Mauzo ya nje yalizuiwa 2011, yakazuiwa tena 2017. Mpaka ukifungwa mzigo ukiwa ghalani, bei inaanguka upande wetu na hasara inamkuta aliyekwisha lipia mbolea. Msimu unaofuata anapunguza mifuko. Mwenye mtaji naye hajengi ghala hata zuio likiondolewa, maana linaweza kurudi kwa tangazo tu.

Mwana_Uyole: Na Botswana je?

Kalamu_Iringa: Almasi ya Orapa iligunduliwa 1967, kwenye ardhi ya Bangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Mwaka huohuo sheria ikahamishia haki za madini kwa dola, za kabila lake zikiwemo, kwa hiyo mapato hayakuwa ya kugombewa kikanda. Ila uchumi wake haujaachana na almasi. Bei ya dunia ikishuka, bajeti inayumba, na hapo nadharia ya taasisi haikupi jibu la kutosha.