Miaka 68, nataka kuuza biashara ya dagaa Kigoma. Naombeni ushauri

Mzee wa Mwanga: Wakuu, nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, naanika, napeleka Tabora na Dar. Tangu 1994 sijapitisha mwezi bila kutuma mzigo. Sasa magoti yamegoma, kushuka mwaloni alfajiri siwezi. Mnunuzi yupo, anataka stoo, vichanja, mizani na wateja. Niuze?

Mchuuzi Ujiji: Shikamoo mzee. Usiuze! Baba aliuza mashine yake ya mawese, akawa anaamka saa kumi na moja, anavaa, anakaa barazani hana pa kwenda. Yule mzee alizeeka kwa miezi sita tu.

Mama Urambo: Watoto je? Tunawasomesha ili waikimbie kazi yetu, kisha tunalia hakuna mrithi.

Mzee wa Mwanga: Mkubwa ni mwalimu Dar. Mdogo tunafanya wote kazi.

Mama Urambo: Kumbe yupo! Anasemaje?

Mzee wa Mwanga: Hajui.

Kalamu ya Ziwa: Kiwanja cha stoo kina jina la nani? Na hela umeshapokea?

Mzee wa Mwanga: Jina la marehemu mke wangu. Mirathi hatujafungua. Nimepokea milioni nne za kuanzia. Msinihukumu, stoo nimeijenga mimi, na kijana wangu huyo mdogo ana haraka, atakula mtaji.

Kalamu ya Ziwa: Mzee, hapo huna cha kuuza bado. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, chukua cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo imthibitishe msimamizi. Hizo milioni nne usiziguse.

Nahodha: Hii chai. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, Mei 15 hadi Agosti 15. Mzigo wa kila mwezi ulitoka wapi?

Mchuuzi Ujiji: Kweli bwana! Miezi ile mimi niliuza mihogo.

Mzee wa Mwanga: Tulijaza stoo kabla ziwa halijafungwa. Dagaa aliyekauka sawasawa anakaa. Kijana ndiye aliyesema tujaze, mimi nilikataa mara mbili.

Nahodha: Nisamehe mzee. Ila huyo ndiye unayesema atakula mtaji?

Mzee wa Mwanga: Nimempigia mnunuzi, nimemwomba asubiri. Kijana bado sijamwambia. Ameanika peke yake leo, na wingu limetanda upande wa Kongo. Ngoja nikamsaidie kuanua.