Nimehesabiwa miongoni mwa "walioridhika kiasi" na sijaridhika hata chembe!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira mbichi, kwa hiyo mtanivumilia sentensi zikiwa ndefu kuliko pumzi yangu. Wale wapima maoni mnaowajua, ambao hawajawahi kukutana na kiongozi asiyependwa tangu waanze kazi hiyo, wametoa matokeo yao leo, na kwa mujibu wa matokeo hayo wananchi walio wengi wanaukubali utendaji kazi wa mkuu wetu wa serikali. Sina ugomvi na wananchi walio wengi. Ugomvi wangu ni kwamba mmoja wao ni mimi.

Walinipigia simu. Aliyenipigia alikuwa dada mwenye sauti ya upole, akanisomea utangulizi mrefu kuhusu usiri wa majibu yangu, kisha akaniuliza hivi: "Unaridhika kwa kiwango gani na juhudi kubwa zinazofanywa na kiongozi wetu katika kuboresha maisha ya wananchi?" Majibu niliyopewa nichague yalikuwa naridhika sana, naridhika, naridhika kiasi na sijui. Nikajibu kwa adabu zote kwamba siridhiki. Pakawa kimya. Kisha akasema, kwa upole uleule: "Hilo halipo kwenye mfumo, mzee wangu. Basi niandike umeridhika kiasi?" Kabla sijafungua mdomo nikasikia kitufe kikibonyezwa, tena kwa mlio wa mtu ambaye siku nzima amekuwa akibonyeza kitufe hichohicho, na tayari alikuwa ananiuliza swali la barabara.

Basi niandike umeridhika kiasi! Nimewahi kung'olewa jino na mtu aliyenisikiliza kuliko huyu.

Kuna watakaosema nisilichukulie jambo hili kwa uzito. Lakini tangu miaka ya 1930, mpima maoni George Gallup alipoanza kuwauliza Wamarekani kuhusu Rais Roosevelt, swali la namna hii limekuwa na miguu miwili: unakubali, au hukubali, jinsi rais anavyofanya kazi yake. Mwaka 1952 Rais Truman alishuka hadi asilimia 22, na aliweza kushuka kwa sababu palikuwa na mahali pa kushukia. Kwa dodoso la hawa jamaa, Truman angeondoka madarakani akiwa ameridhiwa kiasi, na vizazi vyake vyote vingezaliwa vikiwa vimeridhika kiasi.

Sihitaji hoja zenu. Nataka jibu langu lirudishwe. Mtu amekwambia siridhiki, nawe unamuuliza basi niandike umeridhika kiasi? Nawasilisha.

Kisima Kirefu:
Mleta uzi, pole sana, ingawa nakiri nimecheka hadi majirani wamegonga ukuta. Hata hivyo wewe umepigiwa simu! Mimi nimeishi chini ya viongozi kadhaa, nimewapenda wawili na kuwachukia waliobaki, na hakuna hata mmoja ambaye nimewahi kuulizwa habari zake. Kila matokeo yanapotoka huwa nawauliza watu wote ninaowafahamu kama wamehojiwa, na wote husema hawajahojiwa. Sasa nimempata mmoja, na huyo mmoja analalamika kwamba ameandikwa vibaya. Wengine hatujaandikwa kabisa, na hatujafungua uzi.

Mama Desimali:
Kisima Kirefu, kutokuulizwa si dalili ya hila. Sampuli ya watu 1,200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu inatosha kukadiria maoni ya nchi nzima kwa tofauti ya karibu pointi tatu juu au chini, ambayo ndiyo huitwa ukingo wa makosa, na ndiyo maana Afrobarometer, mtandao unaopima maoni barani Afrika, huhoji watu 1,200 au 2,400 katika nchi yenye mamilioni. Wingi wa watu pekee si dawa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi zipatazo milioni 10 kwa Wamarekani, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba mpinzani wake Landon angemshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi, na Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa katika orodha za wenye simu na wenye magari, yaani watu ambao mdororo wa uchumi ulikuwa haujawafikisha pabaya kama wenzao. Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi.

Kinachonikera mimi ni vichwa vya habari. Kiongozi akitoka asilimia 51 kwenda 52, vyombo vya habari vinaandika kwamba umaarufu wake umepaa. Akirudi 51, umeporomoka. Pointi moja ndani ya ukingo wa makosa wa pointi tatu haijapaa wala haijaporomoka, na hata hivyo kuna mtu analipwa mshahara kwa kuandika kwamba imepaa. Nimeandika barua kwa wahariri hadi wameacha kunijibu.

Mleta uzi:
Mama Desimali, nashukuru kwa elimu, lakini tusitoke nje ya mada. Huo ukingo wa makosa wa pointi tatu, naomba unieleze, unamhesabu wapi dada aliyeniuliza "basi niandike umeridhika kiasi"?

Mama Desimali:
Haumhesabu popote. Ukingo wa makosa unahusu bahati nasibu ya kuchagua watu, hauhusu swali lililopinda. Swali likiwa limekwishasema kwamba juhudi ni kubwa, unaweza kuhoji watu milioni moja ukapata jibu lilelile bovu, ila litakuwa na desimali nyingi zaidi. Nirudi kwenye suala la "kupaa".

Mdodosaji Mstaafu:
Naomba niseme neno, kwa sababu kazi hii nimeifanya na humu ndani naona mnamlaumu binti wa watu. Mhoji hatungi swali. Analipwa kwa dodoso lililokamilika, msimamizi anasikiliza kwa upande wa pili, na mfumo haumruhusu kwenda swali linalofuata mpaka kitu kibonyezwe. Ukimwambia siridhiki na kitufe hicho hakipo, unataka afanye nini, amchoree msimamizi picha ya uso wako?

Nyinyi wahojiwa ndio mlionimaliza. Nimebisha hodi kwenye nyumba, mwenye nyumba akaniambia yeye hayupo. Nimemhoji mama huku mumewe akimjibia kutoka chumbani. Nimesomewa majibu yote mazuri kwa sauti ya juu ili majirani wasikie, kisha wakati wa kuagana nikanong'onezwa majibu ya kweli mlangoni, nami nikiwa nimekwishafunga karatasi. Afrobarometer wana swali moja la mwisho ambalo lingepaswa kufundishwa shuleni: humuuliza mhojiwa anadhani nani amewatuma, na ingawa ameshaambiwa kwamba utafiti ni huru, wahojiwa wengi hutaja serikali. Mtu anayedhani anaongea na serikali atakueleza ukweli gani kuhusu mkuu wa serikali? Kila ukumbi unasikia lawama dhidi ya wapima maoni, wakati anayeficha maoni hakuna anayemfungulia uzi.

Na wewe mleta uzi, hukukata simu. Uliendelea na swali la barabara. Barabara ulisema zikoje?

Mleta uzi:
Nilisema ni mbovu. Sijui aliandika nini.

Kisima Kirefu:
Aliandika umeridhika kiasi na mashimo.

Chawa Mstaarabu:
Nimesoma uzi wote na ninachokiona ni wivu. Matokeo yametoka, kiongozi wetu anakubalika, na badala ya kumpongeza mnajadili vitufe. Utafiti ukiwa mzuri kwetu ni sayansi, na ukiwa mbaya ni kazi ya mabeberu, jambo hilo linaeleweka na halihitaji mjadala. Isitoshe, hata siku akishuka haitakuwa na maana yoyote. Rais George H. W. Bush wa Marekani alifikia asilimia 89 katika kipimo cha Gallup mwaka 1991, baada ya vita vya Ghuba, na mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi. Hiyo inathibitisha kwamba takwimu hizi hazitabiri lolote, isipokuwa hizi za leo.

Mama Desimali:
Chawa, umetumia takwimu kuthibitisha kwamba takwimu hazifai. Nimepumzika kidogo, nimekunywa maji, narudi.

Jogoo wa Alfajiri:
Mnazungumzia vitufe huku mnaruka jambo lenyewe, nalo ni kile kinachompata mpima maoni anayeleta namba isiyopendeza. Nchini Tanzania, shirika la Twaweza lilikuwa likiuliza wananchi kwa simu kupitia utafiti wake uitwao Sauti za Wananchi, na kukubalika kwa utendaji wa Rais Magufuli kulikuwa asilimia 96 mwaka 2016, kisha 71 mwaka 2017, kisha 55 mwaka 2018. Baada ya hiyo 55, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliwaandikia ikiwataka wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua kwa kufanya utafiti bila kibali. Ningependa mtu anionyeshe barua kama hiyo iliyoandikwa mwaka wa asilimia 96. Kibali huwa kinakumbukwa namba ikishuka.

Baada ya hapo usishangae taasisi nyingine ikiamua kuondoa kitufe cha "siridhiki" kabisa. Wamejihami. Mleta uzi anadhani ametukanwa yeye, kumbe dodoso lile liliandikwa na mtu mwenye watoto wa kulisha.

Mleta uzi:
Jogoo, hapo umegusa, lakini naona huyo mwenye watoto unamhurumia kuliko unavyonihurumia mimi. Aliyehesabiwa kinyume cha kauli yake ni mimi. Narudia kwa wale wanaoingia sasa hivi kwamba nilisema siridhiki, kwa Kiswahili fasaha, na nikaulizwa "basi niandike umeridhika kiasi?" Kuna yeyote anayejua utaratibu wa kudai jibu lako?

Rula Fupi:
Kwa anayehitaji utaratibu: Kenya ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi, na miongoni mwa mambo inayomtaka mchapishaji ayaweke wazi ni nani aliyelipia utafiti. Utafiti wa leo umechapishwa bila kutaja mlipaji wala maswali yenyewe. Hilo naliacha, kwa kuwa lililonifanya nijiunge na mjadala ni kubwa zaidi.

Je, kuna aliyeziangalia chati zao? Mimi nimechukua rula nikapima kwenye kioo cha kompyuta. Mhimili wa wima hauanzii sifuri, unaanzia 50. Kwa hiyo nguzo ya mwaka jana inaonekana kama kisiki, na nguzo ya mwaka huu inaonekana kama mnara wa simu, wakati tofauti yake ni ya pointi chache. Halafu "sijui" wameipaka rangi ya kijani iliyopauka, pembeni ya "naridhika kiasi" ya kijani iliyokolea kidogo, hivi kwamba ukiwa mbali unaona kijani kitupu. Mtu aliyesema hajui ameingizwa msituni pamoja na wengine. Nimekasirika kupita kiasi.

Mama Desimali:
Rula Fupi, hatimaye mtu mzima amefika. Lakini rangi ni dogo. Angalia maelezo madogo chini ya chati ya pili, wameandika kwamba asilimia imepigwa kwa "waliotoa maoni". Maana yake ni kwamba kwenye chati hiyo wale wa "sijui" wameondolewa kabla ya kugawanya. Chukua mfano wa watu 100: wakikubali 40, wakakataa 30 na 30 wakasema hawajui, kiongozi ana asilimia 40. Ukiwaondoa wasiojua, wale 40 unawagawanya kwa 70, na ghafla ana asilimia 57. Hakuna aliyebadili mawazo, waliobadilika ni wale wa chini ya mstari wa mgawanyo.

Rula Fupi:
Hapo napinga. Kuwaondoa wasiojua kunakubalika ikiwa umeeleza waziwazi, na katika kura za uchaguzi hufanyika kila siku. Kosa lisilosameheka ni mhimili kuanzia 50. Msomaji wa kawaida hasomi maelezo madogo, anaangalia nguzo ipi ni ndefu.

Mama Desimali:
Swali la nani utampigia kura ni tofauti na swali la kama kiongozi anafanya kazi vizuri. Asiyejua kama kiongozi anafanya kazi ameshatoa taarifa muhimu sana kuhusu kiongozi huyo. Ukimfuta, umefuta habari.

Mdodosaji Mstaafu:
Nawaunga mkono wote wawili ili nikalale. Niliyowahi kuyaandika "sijui" yalikuwa mengi kuliko majibu mengine yote, na nusu yake yalimaanisha "najua, lakini wewe ni nani?"

Mleta uzi:
Samahani wakuu, kuhusu ule utaratibu wa kudai jibu.

Chawa Mstaarabu:
Mhimili ukianzia 50 kuna ubaya gani? Kiongozi wetu hajawahi kuwa chini ya 50, kwa hiyo chini ya hapo pangekaa patupu.

Rula Fupi:
Hajawahi kuwa chini ya 50 kwa sababu karatasi inaishia hapo! Mama Desimali, umeona hoja hii? Naomba tuiweke pamoja na ile ya duara lenye vipande vinavyojumlisha zaidi ya mia moja.

Kisima Kirefu:
Nimewafungulia uzi mpya wa chati peke yake, hamieni huko mje na picha. Nimeanza na ile ya mwaka jana ambayo nguzo ya asilimia 48 ni ndefu kuliko ya asilimia 52, na tayari kuna mtu anaitetea.