Bichi ya kisiwani isiyo na watu, tunaachwa na boti kutwa nzima: niangalie nini?

Kobe_mpole:
Wakuu salama? Mi na mke wangu safari ya kisiwani imekaribia, na kuna bichi moja tumeambiwa haina njia ya gari wala nyumba hata moja, unafika kwa boti tu, nahodha anakushusha saa tatu asubuhi anakuja kukuchukua jioni. Picha nimeziona, mchanga mweupe hadi unaumiza macho, nyuma miamba, watu hamna. Furaha ninayo ila usiku nikiwaza naona kama tunajipeleka jela wenyewe. Mke anaogelea vizuri, mimi naogelea kama jiwe. Simu haishiki kule. Mliowahi kwenda sehemu za hivi, ni kitu gani mlijuta hamkukijua mapema? Msiniambie nibebe maji na kofia, hayo nayajua.

Fundi_nanga:
Mkuu swali sio ubebe nini, swali ni siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Hilo ndo lilitukuta sisi. Tulishushwa asubuhi maji yamekupwa, bichi pana kama uwanja wa mpira, mabegi tukayaegesha kwenye jiwe zuri lenye kivuli, tukazunguka kona ya mwamba kwenda kuona kaghuba ka upande wa pili. Hata masaa mawili hatukukaa. Kurudi, ile njia ya mchanga tuliyopitia hamna, kuna maji ya kifua yanapiga kwenye mwamba. Ikabidi tupande juu pekupeku, na mwamba wa matumbawe ya kale ni kama unatembea kwenye chupa zilizovunjika, mwenzangu akachanika unyayo vibaya, tunafika begi moja linaelea na lile jiwe lenyewe halionekani.

Kwahiyo sikiliza. Pwani nyingi maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku (sio zote, kuna zinazojaa mara moja tu), toka kupwa mpaka kujaa ni masaa sita na kidogo, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50 hivi, yaani ratiba ya juzi haikusaidii kitu. Halafu hayaji kwa mwendo mmoja, mwanzoni yanapanda taratibu unajidanganya bado sana, saa la tatu na la nne tangu yaanze kujaa ndo yanakuja mbio. Cheki na mwezi. Mwandamo na mpevu ndo bamvu, maji yanajaa sana na yanakauka sana, katikati hapo ni maji mafu, tofauti ndogo. Muulize nahodha, kama ni mtu wa bahari kweli atakujibu bila kuangalia simu. Ukishuka tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti kwenye mchanga, hapo ndo maji yalipoishia, vitu vyako viweke juu ya huo mstari. Ila sio chini ya mnazi, na wewe usilale hapo, nazi haipigi hodi.

Dada_mkondo:
Fundi kamaliza upande wa maji kujaa, mi naongezea kwa mkeo, maana wewe utaishia magotini, anayejua kuogelea ndo namuogopea zaidi. Kama kuna mawimbi, mkae kwanza dakika kumi mnaangalia tu. Mkiona sehemu moja mawimbi hayavunjiki, maji yametulia na rangi imekolea kuliko pembeni, au povu linaelekea nje, hapo ndo pabaya japo panaonekana ndo pazuri pa kuingilia. Ni mkondo unaorudi baharini. Haukuzamishi, unakuvuta nje, kinachommaliza mtu ni kuchoka akipambana kurudi moja kwa moja. Ukikushika elea, tulia, kata kwa pembeni sambamba na ufuo mpaka usikie kamba imelegea, ndo urudi kwa pale mawimbi yanapovunjika.

Na kama mbele kuna mwamba wenye uwazi ambao boti zinapitia, maji yakianza kupwa, mengi ya yaliyoko ndani yanatokea hapo hapo. Msiogelee karibu na huo mlango hata kama samaki wote wazuri wako hapo (na huwa wako hapo, ndo tatizo).

Afu mgongo jamani. Mtu anaelea kifudifudi anaangalia samaki, maji yanampoza hasikii kitu, jioni mgongo na nyuma ya magoti vimeiva. Fulana ya mikono mirefu, basi. Inakupunguzia na mafuta ya jua, maana kuna visiwa wameshayawekea sheria kwa ajili ya matumbawe, yenye kemikali za oxybenzone na octinoxate Palau walipiga marufuku kuanzia 2020 na Hawaii yakaacha kuuzwa kiholela kuanzia 2021.

Siri_ya_mtungi:
Mkuu hiyo bichi inaitwaje? Tupe lokesheni.

Dada_mkondo:
Asikupe 😂 Maya Bay kule Thailand nayo ilikuwa ghuba ya kujificha hivyo hivyo, ikafika inapokea maelfu ya watu kwa siku, matumbawe yakaharibika, wakaifunga 2018 mpaka Januari 2022. Hata ilipofunguliwa boti zikakatazwa kuingia kwa mbele, zinafunga upande wa nyuma watu wanavuka kwa miguu. Watu walipoondoka papa wadogo wa ncha nyeusi wakarudi wenyewe.

Siri_ya_mtungi:
Kwahiyo ninyi muende mimi nisiende? Bahari haina hati ya kiwanja dada. Na huyo nahodha naye si anakula kwa sisi kujua?

Dada_mkondo:
Hapo kwa nahodha umenishika. Haya, muulize yeye basi, sio kubandika ramani mtandaoni.

Kobe_mpole:
Msigombane, jina sitaji mpaka nirudi 😅 Swali jingine, mimi wa magotini nikanyage wapi? Nasikia kuna samaki anafanana na jiwe.

Nesi_wa_zamu:
Yupo, na ana miiba ya sumu mgongoni. Vaa viatu vya soli ngumu majini, sio ndala. Kwenye mchanga usinyanyue miguu, iburute, taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) akiwa amejifukia atasikia mtikisiko ataondoka mwenyewe. Akikuchoma yeyote kati ya hao wawili, mguu utie kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa na zaidi, maumivu yanapungua sana, halafu hospitali. Utayatoa wapi maji ya moto bichi isiyo na nyumba? Ndo maana mimi nabeba chupa ya chai imejaa maji ya moto. Wenzangu walinicheka mpaka siku ilipohitajika.

Yavuyavu (jellyfish) akikuunguza usisugue na mchanga, na tafadhali asije mtu akakukojolea, haisaidii, inaweza hata kuzidisha. Vile vinyama vya duara vyeusi vyenye miiba mirefu kaa navyo mbali tu, mwiba unakatikia ndani.

Ukienda visiwa vya Karibi kuna mti ufuoni unaitwa manchineel, tunda kama tufaha dogo la kijani, utomvu unababua ngozi, hata kujikinga mvua chini yake hapana.

La mwisho, nahodha mlipe nusu kwenda na nusu akishakurudisha. Na mwambie mtu pale mnapolala kwamba kufika saa fulani hamjarudi, atafute boti nyingine.

Kobe_mpole:
MREJESHO. Tumerudi wazima. Nilimuuliza nahodha maji yanajaa saa ngapi, akaangalia juu akasema "saa tisa na nusu, na leo yatapanda kuliko jana", nikatulia. Bichi nzima peke yetu, kimya hadi unasikia kaa wanakwaruza kwenye majani makavu, mke ameogelea mimi nimekaa kwenye maji ya kiuno na fulana yangu kama kiboko, nimefurahi sijui niseme nini. Chupa ya maji moto imerudi haijafunguliwa.

Ila Fundi kuna kitu hukuniambia. Nimekuta mistari MIWILI ya mwani. Mmoja chini una unyevunyevu, mwingine juu kabisa karibu na vichaka, umekauka ukiushika unavunjika. Nikaona wa juu ni kujichosha bure, tukaweka vitu katikati.

Fundi_nanga:
Aisee. Wa chini ni wa usiku wa kuamkia siku hiyo, wa juu ni wa bamvu lililopita. Mwezi ulikuwaje?

Kobe_mpole:
Siku mbili kabla ya mpevu.

Fundi_nanga:
Si ndo maana nahodha kakwambia yatapanda kuliko jana! Siku hizo wa chini hauhesabiki. Kimeenda nini?

Kobe_mpole:
Ndala ya kushoto. Begi mke aliliwahi. Ile ya kulia ninayo, sijui kwa nini nimerudi nayo.