Gumzo la Nyumba ya Bibi Mikindani: usiku wa kupika

*Jumatatu jioni*

Mwajuma: Assalaam alaykum ndugu zangu. Ule usiku wa mashindano ya kupika tuliokuwa tunausema, napendekeza uwe Jumamosi hii, uani kwa Bibi. Timu tatu, kila timu ipike pweza wa nazi na ugali wa muhogo, halafu chakula kimoja cha kuchagua wenyewe. Tufanye likizo hii kabla watoto hawajarudi shule.

Mama Mkubwa: Waalaykum salaam mwanangu. Pweza Jumamosi hii utampata wapi?

Mwajuma: Shikamoo Mamkubwa. Si nitashuka soko la samaki la Feri mapema?

Mama Mkubwa: Marahaba. Jumamosi mwezi una siku saba tu, maji mafu. Miamba haitoki vizuri, wachokoaji wanarudi na vipande viwili vitatu na bei inapanda juu. Ngoja wiki nyingine, mwezi ufike siku kumi na nne. Hiyo ndiyo bamvua, maji yanakupwa saa nne asubuhi mpaka mbali. Nitaongea na wenzangu wanaokwenda kuchokoa watuwekee watatu wakubwa.

Mjomba (Newala): Dada yangu kasema kweli. Sogezeni wiki moja. Na mimi nipate nafasi ya kutafuta ming'oko, msimu wenyewe ndio huu.

Shemeji Deo: Shikamooni wakubwa. Samahani, ming'oko ndiyo nini? Asha ananiambia nisubiri nitaiona.

Mjomba (Newala): Marahaba mkwe. Ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, vinachimbwa huku kwetu msituni. Unachemsha kwa maji kidogo, chungu kimefunikwa sawasawa, ikishaiva unamenya unachovya kwenye chumvi na pilipili. Ukila mara moja hutauliza tena.

Rukia: Dada Mwaju na juisi ya mabibo je?

Mwajuma: Mabibo mpaka mwezi wa kumi huko, Rukia. Sasa hivi mikorosho haijabeba. Tutatengeneza ya ukwaju.

Mjomba (Newala): Korosho ninazo gunia zima za msimu uliopita, hazijabanguliwa. Nije nazo tuzichome hapo hapo uani, watoto waone.

Mama Mkubwa: Hapana kaka. Yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na moshi wake unawasha macho. Uani umejaa watoto. Leta zilizobanguliwa.

Asha: Hata zilizobanguliwa naomba zisiingie kabisa kwenye mapishi. Neema ana mzio wa korosho. Mwaka jana alikula kipande tu cha keki, midomo ikavimba na akaanza kukoroma kifuani, tukakimbia naye hospitali usiku. Mwiko uliokoroga mchuzi wa korosho ukiingia kwenye sufuria nyingine inatosha kumletea balaa.

Mwajuma: Pole dada. Basi korosho zimetoka kwenye mashindano, na hakuna bakuli la kutafuna mezani. Mjomba, zako zifungwe kwenye mifuko, kila nyumba itachukua wakati wa kuondoka. Asha, ufuta anakula?

Asha: Ufuta anakula bila shida. Asanteni sana.

Mjomba (Newala): Afya ya mtoto kwanza. Zitafungwa.

Mama Mdogo (Lindi): Nami nipo jamani. Sitaweza kuja, niko zamu wodini Jumamosi hiyo mpaka usiku. Ila ufuta mpya upo tele huku, nitawapa watu wa basi kilo tatu. Timu itakayotaka kupika kashata ichukue. Mniandikie humu kila kitu kinavyokwenda, msiniache.

*Jumatano*

Mwajuma: Tuje kwenye kugawa timu. Nilifikiri kila nyumba iwe timu yake, nikamwambia Bibi. Kakataa.

Mama Mkubwa: Niko naye hapa. Anasema hivi: "Mkija kila mtu na mama yake, nitaonja sahani nitajua huu mkono wa nani. Mchuzi wa Zainabu naujua, wa mdogo wake naujua. Hapo naamua nini? Wachanganyeni."

Mwajuma: Ndicho nilichotaka kusema. Halafu jambo ambalo mimi linanikaa moyoni: humu wote chini ya miaka ishirini wanapika wali na chipsi, wengine vizuri sana. Lakini pweza akiletwa wanasubiri Mamkubwa afike. Wanaokamua tui kwa kifumbu ni wale wale watu wazima. Bibi yupo, ana nguvu, ulimi wake bado unajua chumvi imezidi wapi. Nataka wapike wao, na yeye awaonje.

Kwa hiyo kila timu ina msimamizi mmoja mtu mzima, na huyo anaruhusiwa kusema tu. Mikono nyuma. Akigusa mwiko, timu inakatwa alama.

Mjomba (Newala): Hiyo ngumu! Lakini naikubali.

Mama Mkubwa: Mimi nitajifunga mikono na kanga.

Mwajuma: Mamkubwa anakuwa na Shabani na wadogo zake wa Newala. Mimi nina Rukia na watoto wa jirani wawili. Mjomba anawachukua Asha, Shemeji Deo na Neema.

Shemeji Deo: Mimi nimekulia Bukoba, pweza sijawahi hata kumshika. Nitaharibu timu ya Mjomba.

Mjomba (Newala): Ndiyo maana uko kwangu, mkwe. Na ile ya kuchagua pikeni ndizi zenu. Bibi aonje na kwenu.

Shabani: Shangazi, alama zinahesabiwaje?

Mwajuma: Nakujibu mimi Shabani. Ladha 10, pweza kulainika 10, usafi wa meza na vyombo 5, na 5 za mwisho ni kijana kumweleza Bibi alichofanya tangu mwanzo bila kusaidiwa. Jumla 30. Waamuzi ni Bibi na yule mzee jirani fundi wa mashua. Sahani zina namba tu. Kila mwamuzi anaonja vijiko viwili na kunywa maji kabla ya sahani nyingine, maana mwenye kushiba haamui sawa.

Mama Mkubwa: Na chumvi iwe kidogo. Bibi ana presha.

Mwajuma: Sawa. Bajeti ni 30,000 kwa timu, bila pweza. Pweza ninanunua mimi. Atakayezidisha aseme mapema, nisiletewe hesabu usiku.

*Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana*

Mwajuma: Mamdogo, pweza wamefika, watatu, bado wanashika mkono. Maji yamekupwa vizuri leo. Shabani anampiga wa kwao juu ya jiwe, jasho linamtoka. Mamkubwa kakaa kwenye kigoda, kanga imezunguka viganja kweli kama alivyosema.

Mama Mdogo (Lindi): Maashallah. Waambie wamsugue kwa chumvi kutoa utelezi, kisha wamsuuze mpaka chumvi yote itoke. Na kwenye kuchemsha wasiweke chumvi kwanza. Maji pia wasijaze, anatoa yake mwenyewe.

Mwajuma: Rukia amesoma. Shemeji Deo yuko kwenye mbuzi anakuna nazi ya nne. Alianza kukuna mpaka kwenye kifuu, machicha yakawa na weusi, Mjomba akamwambia asimame akifika kwenye ngozi. Sasa yanatoka meupe.

*Saa kumi na moja na nusu*

Rukia: Mamdogo upo? Mchuzi wetu unaanza kuonyesha chembechembe juu, kama tui linataka kukatika. Dada Mwaju ananiambia "angalia moto" basi.

Mama Mdogo (Lindi): Nimetoka kidogo wodini. Toa kuni mbili sasa hivi. Umefunika?

Rukia: Ndiyo.

Mama Mdogo (Lindi): Funua. Koroga upande mmoja bila kuacha, taratibu, mpaka mchuzi utulie. Hapo ndani umeweka tui lipi?

Rukia: Yote mawili. La kwanza na la pili.

Mama Mdogo (Lindi): Lile zito la kwanza huwa linasubiri mwisho, mwanangu. La pili ndilo linalochemka na pweza. Limebaki hata kidogo?

Rukia: Kikombe kimoja.

Mama Mdogo (Lindi): Kinatosha. Mchuzi ukitulia, mimina hicho, ukiona unataka kuchemka ipua. Usiuache ukatokota.

Mjomba (Newala): Jamani kuomba msaada Lindi kunaruhusiwa?

Mwajuma: Mamdogo hajagusa mwiko, Mjomba. Kanuni ni mikono.

Mama Mkubwa: Acheni mtoto aulize. Kuuliza ndiyo shida yetu, hawaulizi.

Rukia: Umetulia! Umerudi mzito, unang'aa juu.

*Saa nne usiku*

Mama Mdogo (Lindi): Nimemaliza zamu. Nani kashinda?

Mwajuma: Tuliswali Isha ndipo tukapakua. Shabani wa Mamkubwa 26. Rukia 25. Timu ya Mjomba 22. Pweza wa Shabani alikuwa anakatika kwa kijiko. Rukia kapata 5 zote za kueleza, kamwambia Bibi mpaka habari ya kuni mbili, Bibi akamkamata mkono akamwambia arudie ile ya tui la kwanza, watoto wengine wasikie.

Mama Mdogo (Lindi): Na ndizi za mkwe?

Mwajuma: Bibi kaomba nyongeza. Kakataa kabisa vijiko viwili.

Shemeji Deo: Nimefurahi sana Mamdogo. Na nimejifunza kukamua tui, nikirudi Dar sinunui la kopo.

Asha: Neema kala kila kitu kilichokuwa mezani bila mimi kuwa na hofu. Mmeniondolea mzigo mkubwa. Kashata za ufuta kamaliza sahani na watoto wa jirani.

Mama Mdogo (Lindi): Alhamdulillah. Mara nyingine ifanyike Lindi, nitaomba likizo mapema. Nataka wapike mbaazi za nazi, na huyo Shabani awafundishe wengine pweza.

Shabani: Nitakuja Shangazi. Lakini kuna mtu aje kupiga, mkono wangu haunyanyuki.

Mama Mkubwa: Bibi amelala. Kasema ming'oko iliyobaki isimalizwe, ya chai asubuhi. Na ile sufuria kubwa yenye mfuniko wa bluu ni ya jirani, nani kaondoka nayo?

Mjomba (Newala): Iko kwangu garini, naileta sasa hivi.