Miaka minne nimefundisha Muscat bila kuhubiri. Je, nimemkana Kristo?

Mleta mada, Arusha

Wapendwa, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Nimerudi nyumbani likizo baada ya kufundisha hisabati miaka minne katika shule ya binafsi Muscat, Oman. Usharikani wakanisimamisha nitoe shukrani. Nikamshukuru Mungu kwa afya, kwa kazi, kwa ada za wadogo zangu zilizolipika. Nilipotaka kukaa, mzee wa kanisa ninayemheshimu sana, aliyenifundisha kipaimara, akauliza mbele ya watu wote: "Mwanangu, miaka minne yote hiyo, umewaleta wangapi kwa Bwana?" Nikamjibu ukweli. Sijamleta hata mmoja, wala sikujaribu. Kanisa zima kimya. Baada ya ibada akanifuata nje, akaniambia kwa upole kwamba anyamazaye naye amekana.

Nieleze nilivyoishi, ndipo mseme.

Wengi hapa wanadhani Oman hakuna makanisa. Yapo. Pale Ruwi, mtaa wa Muscat, Wakatoliki na Waprotestanti wana majengo yao kwenye ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos. Ijumaa, siku ya mapumziko, utawakuta Wahindi, Wafilipino, Wakristo wa Misri na sisi Waafrika, ibada moja ikitoka nyingine inaingia, kila lugha na saa yake. Hakuna aliyewahi kunizuia kwenda. Kisichoruhusiwa ni kumhubiria Mwislamu ili abadili dini. Hilo nililijua kabla sijapanda ndege, na kwenye mkataba wangu wa kazi lilikuwemo, nikatia sahihi.

Darasani sikuvaa msalaba. Ramadhani sikunywa maji mbele ya watoto. Lakini asubuhi nilikuwa nafika kabla ya wote, darasa likiwa tupu, napita dawati kwa dawati namtaja kila mtoto mbele za Mungu, midomo imefungwa. Yule aliyesumbuliwa na sehemu na desimali nilimwombea sehemu na desimali. Mzazi akiniuliza dini yangu nilisema bila kusita: Mkristo, Mlutheri. Hapo nilikuwa nakomea.

Sababu yangu ni hii. Mtoto wa miaka kumi hayuko huru mbele yangu. Mimi ndiye ninayesahihisha mtihani wake. Nikimwambia neno la dini, si sawa na jirani kumwambia jirani barazani. Neno langu lina kalamu nyekundu nyuma yake. Na mama yake hakunikabidhi mtoto kwa ajili hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo makanisani hatulisemi wazi. Wapo wanaokwenda nchi kama hizo wakiwa walimu kwenye karatasi, huku waliowatuma wanasubiri taarifa ya kazi nyingine kabisa. Wanajilinganisha na Paulo, mshona mahema. Lakini Paulo alishona mahema kweli, na Korintho nzima ilijua kwamba anahubiri. Hakuficha moja ili afanye jingine. Mimi naona kuingia kwa mlango wa chaki huku umekusudia mimbari ni uongo, na sioni Injili inajengwaje juu ya uongo.

Je, mzee ana haki? Ukimya wangu ni woga, au ni uaminifu?

Mchangiaji, Mbeya

Dada, sikuhukumu, ila siwezi kukubaliana nawe. Danieli alijua amri ya mfalme imeshatiwa sahihi, na bado alifungua madirisha akaomba mara tatu kwa siku kama kawaida yake. Angeweza kuomba midomo imefungwa kama wewe. Hakufanya hivyo. Na Mathayo 10 haina kona: atakayenikana mbele ya watu, nami nitamkana mbele ya Baba.

Tena unasema Muscat kana kwamba Injili haijawahi kufundishwa pale kwenye dawati. Mwaka 1896 mmisionari Mmarekani Peter Zwemer aliwapokea wavulana 18 waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, watoto wa Kiafrika hao, akawafungulia shule pale pale Muscat, akawafundisha kusoma na akawafundisha Kristo. Miaka miwili baadaye alikuwa ameshafariki, maradhi ya huko yamemmaliza. Yeye alitoa uhai. Sisi tunaogopa kupoteza mshahara wa riali.

Kama mkataba unakufunga mdomo, usiutie sahihi. Kaa Arusha ufundishe.

Mwalimu, Eldoret

Ndugu wa Mbeya, mimi nimefundisha China miaka mitatu, na ningependa uhesabu gharama yote, si ya mwalimu peke yake.

Kule kuna kanuni za tangu mwaka 1994 kuhusu ibada za wageni. Mgeni anaruhusiwa kuabudu na wageni wenzake, lakini haruhusiwi kuwahubiria Wachina wala kuwatafuta waumini miongoni mwao. Ibada yetu ilikuwa ya watu wenye pasipoti za nje, na mlangoni ulikuwa unaionyesha. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye moyo safi kabisa, alianza kusoma Biblia na wanafunzi wake wanne nyumbani kwake. Ilipojulikana, yeye alipewa siku chache akakata tiketi, na kwao akapokewa kama shujaa. Wale wanne waliitwa ofisini mmoja mmoja, na wazazi wao wakaitwa. Nilibaki nikiwafundisha. Mmoja wao hakuweza tena kunitazama usoni.

Danieli alipofungua dirisha, aliyetupwa kwa simba ni Danieli mwenyewe. Mgeni akifungua dirisha, simba humtafuta mwenyeji.

Mchangiaji, Songea

Kwa kifupi tu, mimi Mkatoliki. Fransisko wa Asizi alikwenda Misri mwaka 1219 wakati wa vita vya msalaba, akamfikia Sultan al-Kamil, wakazungumza, akarudi salama. Kwenye kanuni aliyoiandikia ndugu zake mwaka 1221 alisema wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu wana njia mbili. Ya kwanza ni kutoshindana wala kubishana, kuwa chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri kwamba wao ni Wakristo. Ya pili ni kulitangaza Neno, pale watakapoona inampendeza Mungu. Tazameni mpangilio wake. Kuishi kumetangulia, na kukiri kumo ndani ya kuishi.

Mzazi, Muscat

Assalaam alaykum. Mie Mwislamu, naomba ruhusa niseme, maana watoto mnaowazungumzia ndio wetu.

Nimezaliwa Unguja, tukahamia huku mwaka 1974. Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu kule na huku. Wanangu wamesomeshwa na Wakristo, wa Kihindi na wa Kenya, na wawili kati yao nawaombea kheri mpaka leo kwa walivyowashughulikia wanangu. Lakini nieleweni uoga wetu unatoka wapi. Ami yangu alisoma bara kabla Nyerere hajazitaifisha skuli za misheni. Aliingia akiwa na jina moja, akatoka na jingine. Bibi alikuwa akimwita kwa jina lake la kwanza, haitikii. Jambo hilo halijawahi kusahaulika nyumbani kwetu.

Ile habari ya madawati nimeisoma mara mbili. Kwanza nilishtuka, kwa kuwa sikuulizwa. Kisha nikamkumbuka mama akiwasomea Fatiha kimoyomoyo wanafunzi wake siku ya mtihani, Mabaniani na Magoa wakiwemo, na hakumuuliza mzazi yeyote. Basi mwanangu, omba.

Ila hili la kusema "hapo nilikuwa nakomea", mie sikulipenda. Mwalimu asiyetaka kunieleza dini yake ndiye anayenitia wasiwasi. Njoo nyumbani, unywe kahawa, ule halua, unieleze mie mtu mzima unaamini nini, nami nikueleze. Mtoto muachie mamake.

Mleta mada, Arusha

Nawashukuru wote. Kaka wa Mbeya, nimekusoma nikiwa nimepiga magoti, sitanii.

Kuhusu wale wavulana 18: hawakuwa na mtu. Mama zao walikuwa ng'ambo ya bahari, au walikuwa wamekufa. Zwemer ndiye aliyekuwa nyumba yao, na mwenye nyumba huwalea watoto katika imani yake. Wa kwangu mama zao walikuwa wanasubiri getini saa saba, gari linanguruma. Siwezi kujifanya sikuwaona. Na huyo ami wa mama wa Muscat ndiye jibu langu kwa wanaoniambia mtoto ni shamba tupu. Leo mwalimu Mwislamu akiwafundisha watoto wetu Moshi, akaanza kuwavuta chini kwa chini kwenye dini yake, nani kati yetu angeita hiyo ushuhuda?

Mama, shikamoo. Umenigusa penye kidonda. Kuna jambo sikuliandika mwanzoni.

Ramadhani ya mwaka wa pili, msichana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniuliza kwa Kiswahili cha bibi yake: "Mwalimu, weye unamwomba nani?" Hakuwa na ujanja wowote, alitaka tu kujua. Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Mimi nikamwambia, "Fungua ukurasa wa arobaini na moja." Akafungua. Hakuniuliza tena.

Kwa hiyo kutohubiri sikutubii, kaka. Ninachotubia ni ule ukurasa wa arobaini na moja. Pale sikuwa mwaminifu kwa mkataba, maana mkataba haukunikataza kujibu swali. Niliogopa tu. Mzee wangu aliuliza idadi, nami nina deni la jibu moja.

Narudi Muscat mwezi wa nane, kahawa nitaifuata, Mama. Lakini walimu mliomo humu, mliowahi kuulizwa hivyo na mtoto asiye wa imani yenu, mlimjibu nini kwa maneno yenyewe, jibu ambalo mngeweza kulirudia mbele ya mama yake jioni ile ile?